Imeji ya Windows 11: namna ya kuisasisha bila mashine 60 kupakua kitu kile kile

fundi_maabara

Wakuu, habari za kazi.

Nina maabara mbili zenye kompyuta 60 kwa jumla, zote Windows 11 Pro 24H2, vifaa vya aina moja. Kila muhula zinafutwa na kusimikwa upya kwa flashi nne zilizotokana na ISO (faili moja lenye midia nzima ya kusimikia Windows), pamoja na faili la majibu autounattend.xml. Usimikaji wenyewe hausumbui. Tabu inaanza mashine ikishagusa intaneti: kila moja inavuta masasisho yote yaliyotoka tangu ISO ile itengenezwe.

Hesabu ni hii. Laini ni Mbps 10. Mashine moja ikivuta GB 1 tu, zote 60 zinavuta GB 60, na GB 60 kwa Mbps 10 ni zaidi ya saa 13 laini ikiwa imejaa mwanzo mwisho, mtu mwingine yeyote asifungue hata barua pepe.

Njia ya kusasisha mashine moja, kuipitisha kwenye sysprep (zana ya Windows ya kuiandaa mashine inakiliwe kwenye nyingine) na kunasa imeji yake ninaijua. Ila inabidi irudiwe kila mwezi, na imeji inazidi kunenepa.

Naomba msaada kwa mambo matatu:

1. Masasisho yanaingizwaje moja kwa moja ndani ya install.wim (faili lililobeba imeji ya Windows yenyewe) bila kuwasha mashine, na kwa mpangilio gani?
2. Mwezi unaofuata niongeze juu ya imeji ya mwezi uliopita au nianze upya?
3. Yale machache yatakayotoka kati ya siku ya kutengeneza imeji na siku ya kusimika, nitayazuiaje yasipakuliwe mara 60?

---

kibodi_F12

Nianze na swali la pili, maana ndilo linaloamua mengine yote: anza upya kila mwezi, kutoka msingi uleule safi. Sasisho la mwezi la Windows ni limbikizi, la mwezi huu limebeba yote ya miezi iliyopita. Ukiliweka juu ya imeji uliyoisasisha mwezi jana hupati usalama wa ziada. Unachopata ni mabaki ya faili za zamani ndani ya WinSxS (ghala la vipengele vya Windows), na siku jambo likiharibika hujui liliharibikia mwezi gani. Ukianza na msingi kila mara, kazi yote ni msingi mmoja na sasisho moja.

Panga folda hivi kwenye diski yenye nafasi ya GB 40 hivi, SSD kama unayo:

```
D:\Imeji\msingi
D:\Imeji\kazi
D:\Imeji\fungua
D:\Imeji\re
D:\Imeji\muda
D:\Imeji\masasisho\lcu
D:\Imeji\masasisho\dotnet
D:\Imeji\masasisho\safeos
```

Ndani ya "msingi" weka install.wim iliyotoka kwenye ISO, lakini yenye toleo moja tu unalotumia. ISO ya kawaida ina Home, Pro, Education na mengine kwenye faili moja, kila moja na indeksi yake, na kila indeksi inasasishwa peke yake. Kusasisha matoleo sita wakati unatumia moja ni kuongeza kazi mara sita. Angalia namba kwanza, kisha toa lako, yote kwa DISM, zana ya Windows ya kuhariri imeji:

```
Dism /Get-ImageInfo /ImageFile:E:\sources\install.wim
Dism /Export-Image /SourceImageFile:E:\sources\install.wim /SourceIndex:N /DestinationImageFile:D:\Imeji\msingi\install.wim
```

N ni namba ya Pro kwenye ISO yako. Usiichukue ya mtu mwingine, zinatofautiana. Kama ISO ilitengenezwa na Media Creation Tool, utakuta install.esd badala ya install.wim. DISM haifungui ESD kwa ajili ya kuandika. Tumia amri hiyohiyo ya kutoa, ongeza `/Compress:max`, itageuka kuwa WIM.

Sasa masasisho. Nenda Microsoft Update Catalog na upakue mara moja tu: sasisho limbikizi la mwezi kwa 24H2 x64, sasisho limbikizi la .NET Framework, na Safe OS Dynamic Update kwa ajili ya mazingira ya uokoaji. Ukilitazama jina la faili, baada ya alama ya `_` kuna mfululizo wa herufi na namba 40. Hiyo ni SHA1 ya faili lenyewe. Kwa laini inayokatikakatika, linganisha kabla ya kuendelea:

```
certutil -hashfile D:\Imeji\masasisho\lcu\jina-la-faili.msu SHA1
```

Zisipolingana, faili limefika nusu. Afadhali ujue hapo kuliko DISM ikwame katikati ya kazi.

Kuna jambo moja la 24H2 linalowaangusha wengi. Toleo hili lina masasisho ya chekipointi. La kwanza ni KB5043080 la Septemba 2024, lililofikisha namba 26100.1742. Masasisho yaliyofuata hayabebi tena kila kitu tangu toleo lilipozaliwa, yanabeba tofauti tangu chekipointi. Ndiyo maana ukiwa na ISO ya mwanzo kabisa, kabla ya 26100.1742, faili la mwezi huu peke yake halitoshi. Weka KB5043080 na faili la mwezi huu kwenye folda moja, `masasisho\lcu`, kisha uielekeze DISM kwenye faili la mwezi huu tu. Chekipointi itaitafuta yenyewe humohumo. Katika folda hiyo isiwemo MSU nyingine yoyote, hata ya .NET. Kama ISO yako ni ya 26100.1742 au baadaye, chekipointi hiyo imo tayari.

Ukiweza, badilisha msingi kabisa. Chukua ISO mpya kutoka Microsoft mara moja au mbili kwa mwaka. Na msingi wako usiwe ule uliowekewa masasisho ya Oktoba au Novemba 2024: Microsoft walikiri kwamba mashine zilizosimikwa kwa midia yenye masasisho ya kati ya Oktoba 8 na Novemba 12, 2024 zinaweza kukataa masasisho ya usalama yanayofuata. Midia ya Desemba 2024 kwenda mbele haina shida hiyo.

Kazi yenyewe. Nakili msingi kwenda `kazi`, ondoa alama ya kusoma tu (faili lililotoka kwenye ISO huwa nayo, na DISM itakataa kwa kosa 0xc1510111), kisha fungua:

```
copy D:\Imeji\msingi\install.wim D:\Imeji\kazi\install.wim
attrib -r D:\Imeji\kazi\install.wim
Dism /Mount-Image /ImageFile:D:\Imeji\kazi\install.wim /Index:1 /MountDir:D:\Imeji\fungua
```

Kwanza WinRE, yaani mazingira ya uokoaji. Yamo ndani ya imeji kama imeji nyingine, faili limefichwa:

```
attrib -h -s D:\Imeji\fungua\Windows\System32\Recovery\winre.wim
move D:\Imeji\fungua\Windows\System32\Recovery\winre.wim D:\Imeji\kazi\
Dism /Mount-Image /ImageFile:D:\Imeji\kazi\winre.wim /Index:1 /MountDir:D:\Imeji\re
Dism /Image:D:\Imeji\re /Add-Package /PackagePath:D:\Imeji\masasisho\lcu\la-mwezi.msu
Dism /Image:D:\Imeji\re /Add-Package /PackagePath:D:\Imeji\masasisho\safeos\safeos.cab
Dism /Image:D:\Imeji\re /Cleanup-Image /StartComponentCleanup /ResetBase
Dism /Unmount-Image /MountDir:D:\Imeji\re /Commit
Dism /Export-Image /SourceImageFile:D:\Imeji\kazi\winre.wim /SourceIndex:1 /DestinationImageFile:D:\Imeji\fungua\Windows\System32\Recovery\winre.wim
```

Amri ya nne kutoka juu pale penye `la-mwezi.msu` ikirudisha 0x8007007e, usishtuke. Ni kasoro inayojulikana unapoingiza faili la pamoja kwenye WinRE, na hata skripti ya Microsoft yenyewe inaipuuza na kuendelea. Kosa lingine lolote ni kosa kweli.

Kisha Windows yenyewe:

```
Dism /Image:D:\Imeji\fungua /Add-Package /PackagePath:D:\Imeji\masasisho\lcu\la-mwezi.msu /ScratchDir:D:\Imeji\muda
Dism /Image:D:\Imeji\fungua /Cleanup-Image /StartComponentCleanup /ResetBase /ScratchDir:D:\Imeji\muda
Dism /Image:D:\Imeji\fungua /Add-Package /PackagePath:D:\Imeji\masasisho\dotnet\dotnet.msu /ScratchDir:D:\Imeji\muda
Dism /Unmount-Image /MountDir:D:\Imeji\fungua /Commit
Dism /Export-Image /SourceImageFile:D:\Imeji\kazi\install.wim /SourceIndex:1 /DestinationImageFile:D:\Imeji\kazi\install-mpya.wim
```

`/ResetBase` inafuta uwezekano wa kuondoa sasisho hilo baadaye. Kwa maabara sioni hasara, msingi wako upo. Ile Export ya mwisho usiiruke, ndiyo dawa ya unene unaoulalamikia: WIM ukiihifadhi inaongeza data mpya mwishoni bila kuondoa ya zamani, na mabaki yanabaki nyuma pale tu imeji inapotolewa kwenda faili jipya.

Kabla ya kupeleka kwenye flashi, hakikisha:

```
Dism /Get-ImageInfo /ImageFile:D:\Imeji\kazi\install-mpya.wim /Index:1
```

Mstari wa `ServicePack Build` ulingane na tarakimu za mwisho za namba iliyoandikwa kwenye ukurasa wa KB ya mwezi. Usipolingana, sasisho halikuingia, hata kama skrini iliandika kwamba kazi imekamilika.

---

swichi_ya_pili

Kibodi amemaliza upande wa imeji. Mimi nichukue swali la tatu, la pengo.

Mashine 60 mtandao mmoja: usikimbilie WSUS (sava ya Microsoft ya kugawa masasisho ndani ya mtandao). Inafanya kazi, lakini Microsoft walishatangaza Septemba 2024 kwamba hawataiongezea mapya, na inataka sava, hifadhidata na mtu wa kuisafisha. Delivery Optimization imo tayari ndani ya Windows Pro na haina gharama. Kila mashine inagawia jirani vipande ilivyokwisha kupakua.

Kwa chaguo-msingi iko kwenye hali ya 1, inayotafuta majirani walio nyuma ya anwani moja ya nje. Hapo kuna mtego. Kama una laini mbili na rauta inagawa mzigo, mashine zinatoka na anwani mbili tofauti, na nusu ya maabara haiioni nusu nyingine. Weka hali ya 2, yaani kundi, na namba ya kundi moja kwa mashine zote. Namba unaipata kwa `New-Guid` ndani ya PowerShell. Unaweza kuziandika ndani ya imeji kabla ya kuifunga:

```
reg load HKLM\IMEJI D:\Imeji\fungua\Windows\System32\config\SOFTWARE
reg add HKLM\IMEJI\Policies\Microsoft\Windows\DeliveryOptimization /v DODownloadMode /t REG_DWORD /d 2 /f
reg add HKLM\IMEJI\Policies\Microsoft\Windows\DeliveryOptimization /v DOGroupId /t REG_SZ /d GUID-YAKO /f
reg add HKLM\IMEJI\Policies\Microsoft\Windows\DeliveryOptimization /v DODelayBackgroundDownloadFromHttp /t REG_DWORD /d 3600 /f
reg unload HKLM\IMEJI
```

Mstari wa 3600 ndio wenye faida kubwa kwa laini nyembamba. Unaiambia mashine isubiri saa moja ikitafuta kwa majirani kabla ya kurudi kuvuta mtandaoni. Bila huo, mashine zote zikiwashwa pamoja asubuhi zinaanza kuvuta kutoka nje kwa wakati mmoja, maana hakuna aliye na kitu cha kugawa bado. Unahusu upakuaji wa nyuma ya pazia. Mtu akibonyeza mwenyewe kitufe cha kutafuta masasisho, huo unahesabika wa mbele na hausubiri.

Kwa hiyo utaratibu uwe hivi: washa mashine mbili peke yake, bonyeza zipakue hadi mwisho, ziache zimewaka. Ndipo uwashe zilizobaki, na hizo usizibonyeze.

Mambo yanayofanya majirani wasipeane:

Mlango TCP 7680 umefungwa kwenye ukuta wa moto wa antivairasi ya kampuni nyingine. Au mashine zipo kwenye Wi-Fi na kifaa cha Wi-Fi kimewekwa kutenganisha wateja. Hapo hazionani kabisa, tumia waya. RAM chini ya GB 4 haishiriki kwa chaguo-msingi. Laptopu iliyo kwenye betri haigawi kwa wengine hadi uichomeke. Faili dogo kuliko MB 50 haligawanywi. Na vipande vilivyohifadhiwa vinafutwa baada ya siku 3, kwa hiyo maabara ya pili ukiisimika wiki ijayo inaanza sifuri, isipokuwa umeongeza muda kwa DOMaxCacheAge (unahesabiwa kwa sekunde).

Kumbuka pia kwamba mashine zinahitaji intaneti hata kupeana, kwa sababu orodha ya majirani inatoka kwenye huduma ya Microsoft. Laini ikikatika kabisa, na kupeana kunasimama.

Kupima kama inafanya kazi, kwenye mashine ya tatu au ya nne:

```
Get-DeliveryOptimizationStatus | ft FileSize, BytesFromPeers, BytesFromHttp, PercentPeerCaching
```

BytesFromPeers ikiwa sifuri wakati mashine mbili za kwanza zimeshamaliza, rudi kwenye orodha ya juu, anza na 7680.

---

fundi_maabara

Asanteni sana wakuu, nimefuata hatua kwa hatua. WinRE imepita, sasisho limbikizi limepita. Nimekwama sehemu mbili.

Moja: kuna programu ya uhasibu inayofundishwa inayotaka .NET 3.5, nikaiwezesha ndani ya imeji mapema, kabla ya kusafisha. Sasa `/Cleanup-Image` inarudisha 0x800f0806.

Pili: nilipoamua kufunga, `/Unmount-Image` ikafika mwisho ikarudisha 0xc1420117, na folda ya `fungua` bado ina vitu ndani.

Na la nyongeza: boot.wim nayo niisasishe kila mwezi?

---

kibodi_F12

0x800f0806 maana yake kuna kazi iliyoachwa njiani. .NET 3.5 ukiiwezesha kwenye imeji isiyowashwa, sehemu yake inamaliziwa siku Windows inapowaka mara ya kwanza. DISM haikubali kusafisha ghala lenye kazi inayosubiri, na haina njia ya kuilazimisha. Usihangaike kuiondoa. Funga kwa `/Discard`, nakili msingi upya, na ufuate mpangilio huu: sasisho limbikizi, kusafisha, .NET 3.5, kisha sasisho la .NET mwishoni kabisa ili liziguse 3.5 na 4.8.1 zote. Chanzo cha 3.5 kimo kwenye ISO ileile, hakuna haja ya intaneti:

```
Dism /Image:D:\Imeji\fungua /Enable-Feature /FeatureName:NetFx3 /All /LimitAccess /Source:E:\sources\sxs
```

`/LimitAccess` inaizuia isiende kutafuta Windows Update. Tumia sxs ya ISO iliyozaa msingi wako, si ya toleo jingine.

Kanuni ya lugha inafanana na hiyo ila imegeuzwa: kifurushi kamili cha lugha au kipengele cha ziada kinaingia *kabla* ya sasisho limbikizi. Ukikiingiza baada, faili zake zinabaki za zamani, na inabidi sasisho liingizwe tena. Kiswahili cha Windows, sw-KE, hakiko kwenye kundi hilo. Chenyewe ni sura inayovaliwa juu ya Kiingereza na kinakuja kama programu ya appx.

0xc1420117 ni kwamba kuna kitu kimeshikilia faili ndani ya folda ya kufungulia. Wa kushukiwa, kwa mpangilio: dirisha la Explorer lililofunguliwa humo, dirisha la amri ambalo `cd` yake iko humo, `reg load` ambayo hukuifuatisha na `reg unload`, na antivairasi. Nadhani kwako ni ile `reg load`, kwa sababu ndiyo mpya. Fanya `reg unload HKLM\IMEJI`, funga madirisha yote, rudia kufunga. Ikikataa bado:

```
Dism /Get-MountedImageInfo
Dism /Remount-Image /MountDir:D:\Imeji\fungua
Dism /Unmount-Image /MountDir:D:\Imeji\fungua /Discard
Dism /Cleanup-Mountpoints
```

Antivairasi, hata Defender, ipe ruhusa ya kutoikagua `D:\Imeji`. Inazuia kosa hili na inaharakisha kazi, kwa kuwa kila faili linalofunguliwa halikaguliwi upya. Na mashine unayofanyia kazi iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika DISM ikiwa inahifadhi, WIM hiyo usiiamini tena, hata ikifunguka.

---

pengo_la_flashi

Kuhusu boot.wim: kila mwezi hapana. Hiyo ni mazingira ya kusimikia tu, haibaki kwenye mashine. Iguse ukiwa na draiva mpya ya mtandao au diski, au ukibadilisha msingi. Siku utakayoigusa, kumbuka inazo indeksi mbili, na ya 2 ndiyo yenye programu ya Setup. Ukiisasisha, nakili setup.exe na setuphost.exe kutoka folda ya `sources` ya indeksi ya 2 kwenda folda ya `sources` ya flashi. Faili hizo zisipofanana pande mbili, usimikaji unafeli katikati, na ujumbe unaoonyeshwa hausemi sababu.

Upande wa flashi kuna ukuta wa GB 4. UEFI inahitaji FAT32, na FAT32 haibebi faili zaidi ya GB 4. Imeji iliyosasishwa inaupita kwa urahisi. Igawe:

```
Dism /Split-Image /ImageFile:D:\Imeji\kazi\install-mpya.wim /SWMFile:D:\Imeji\kazi\install.swm /FileSize:3800
```

Weka install.swm, install2.swm na kuendelea ndani ya `sources`, ufute install.wim ya zamani. Setup inazitambua yenyewe, faili la majibu halibadiliki. Angalia kitu kimoja tu: kama autounattend.xml inachagua toleo kwa `/IMAGE/INDEX`, sasa indeksi ni 1, si ile ya kwenye ISO. Wengi huachia hapo namba ya zamani na usimikaji unasimama.

Kwa mashine ambazo huzifuti bali unazipandisha juu kwa kuendesha setup.exe ndani ya Windows, kuna upakuaji mwingine uliojificha. Setup huenda mtandaoni kutafuta masasisho yake kabla ya kuanza, kila mashine peke yake. Midia ikiwa imeshasasishwa:

```
setup.exe /auto upgrade /DynamicUpdate NoLCU
```

`NoLCU` inaacha sasisho limbikizi na kuchukua yaliyobaki. `Disable` inaacha yote, pamoja na draiva. Kwa vifaa vya aina moja ulivyokwisha kuvijaribu, weka `Disable`.

Nakubaliana na wenzangu kwa yote isipokuwa neno "kila mwezi". Masasisho ya usalama hutoka Jumanne ya pili ya mwezi. Ukisimika mara moja kwa muhula, tengeneza imeji Jumatano au Alhamisi inayofuata Jumanne ya mwisho kabla ya muhula, basi. Miezi ya katikati hiyo imeji haitumiki popote; acha Delivery Optimization ifanye kazi yake. Yale masasisho ya hiari ya mwisho wa mwezi usiyaweke kwenye imeji, yaliyomo yatakuja ndani ya limbikizi la mwezi unaofuata.

Jambo ambalo halijatajwa ni Defender. Sasisho limbikizi halibebi injini wala orodha mpya ya virusi, kwa hiyo mashine zote 60 zitaivuta mara tu zikiunganishwa. Microsoft wana kifurushi cha kuiingiza kwenye imeji, defender-update-kit-x64.zip, chenye skripti yake ndani. WIM iwe imefungwa, usiifungue kwanza, skripti inaifungua yenyewe:

```
.\DefenderUpdateWinImage.ps1 -WorkingDirectory D:\Imeji\muda -Action AddUpdate -ImagePath D:\Imeji\kazi\install-mpya.wim -Package D:\Imeji\masasisho\defender-dism-x64.cab
```

Fanya hivyo kabla ya kuigawa kuwa SWM. Baada ya kugawa haiwezekani tena.

---

fundi_maabara

Ilikuwa `reg load` kweli, nimeifunga imekubali. Nimerudia kutoka msingi kwa mpangilio wa .NET mwishoni, kusafisha kumepita. INDEX kwenye faili la majibu ilikuwa 6, nimeweka 1.

Swali dogo la mwisho: mwakani nikihamia 25H2, nitapakua seti nyingine ya masasisho?

---

kibodi_F12

Hapana mkuu. 24H2 na 25H2 zinatumia KB moja ya sasisho limbikizi. Kinachotofautisha ni kifurushi kidogo cha kuwezesha, KB5054156, kinachogeuza 26100 kuwa 26200. Mashine zilizopo zitahama kwa hicho kidogo tu. Kwa imeji, chukua ISO ya 25H2 iwe msingi mpya, na hapo usisahau kwamba sxs ya .NET 3.5 nayo itoke kwenye ISO hiyo mpya.